Injinia Asiyebeba Kipimo

Injinia Valerian hajawahi kushindwa na mashine hata siku moja! Mashine ndizo zinazoshindwa na Injinia Valerian, na nyingine hazipati nafuu tena. Muulizeni Bibi Mektrida. Redio yake, tangu mjukuu wake huyo aifungue "kuisafisha," inashika stesheni moja tu, nayo ni ya Kiarabu. Bibi anaisikiliza hivyo hivyo kila jioni, rozari mkononi.

Uinjinia wenyewe aliupata Moshi mjini. Kozi ya kompyuta, wiki tatu, cheti chenye muhuri. Wiki tatu! Mwanangu alichukua muda mrefu zaidi ya huo kupona surua. Lakini Valerian alipopanda tena kwetu Kilema alikuwa mtu mwingine: kalamu mbili mfuko wa shati, bisibisi mfuko wa nyuma, na ukimwita jina lake tupu haitiki. Mimi ni binamu yake, Sirili, nauza viatu vya mitumba sokoni Kiboriloni, na haya nayasema kwa upendo. Upendo wa kiasi.

Sasa, Injinia alikuwa anamtaka Tabitha. Tabitha ni binti wa Mzee Melkior, mwalimu mkuu mstaafu, mzee asiyecheka mpaka apewe sababu mbili. Mwaka ule, 2003, kwaya ya kigango chetu ilikuwa inatimiza miaka hamsini, na Mzee Melkior ndiye mwenyekiti wa kamati. Picha zote za kwaya tangu ilipoanza zilikuwa ndani ya laptop yake, zionyeshwe ukutani Jumapili baada ya misa.

Ile laptop aliletewa na mwanawe aliyeko Ujerumani, baada ya mwenyewe kuichoka. Jamani, ilikuwa nzito kufikiri! Unaiwasha, unakwenda kukata majani ya ng'ombe, unakamua, unarudi, bado inajikuna. Ukifungua picha ya nne, inazimika kabisa. Mwanawe akapiga simu, akasema tatizo ni memori ndogo, iongezwe.

"Mzee, hiyo niachie mimi," akadakia Injinia. "Kazi ya dakika kumi."

Mzee Melkior akamtazama juu ya miwani. "Dakika kumi?"

"Tano, mzee, bisibisi isipoanguka."

"Vizuri. Jumapili picha zikionekana, mbege ya posa mnayotaka kuleta nitaipokea. Zisipoonekana, mtainywa wenyewe huko huko kwenu."

Tabitha alikuwa mlangoni na sinia la chai. Nusura alimwage.

Jumatano Injinia akaifungua mashine mezani kwa Bibi. Nafasi za memori zilikuwa mbili, moja tupu. Akachomoa memori ya zamani: kipande cha kijani, urefu wa kidole, meno ya dhahabu upande mmoja, na katikati ya meno kuna pengo dogo.

"Mjukuu wangu," akasema Bibi, "hicho kifunge kwenye karatasi uende nacho dukani."

Na hapo Bibi alisema jambo ambalo kwetu hata mtoto analijua. Mpira wa mashine ya kukobolea kahawa ukikatika, unashuka mjini na ule uliokatika. Kina mama wanakuja kwangu Kiboriloni na ukanda wa gome kavu la mgomba, umekatwa sawa na mguu wa mtoto aliyebaki nyumbani. Naupachika ndani ya kiatu, tunamalizana. Sijawahi kusikia mama akisema mguu uko kichwani mwake!

"Bibi, injinia habebi kipimo," akasema Valerian, akajigonga paji la uso. "Kipimo kiko hapa."

"Hata redio yangu ulisema iko hapo," akajibu Bibi, akaendelea kumenya ndizi.

Basi tukaenda dukani kwa Jackson, mjini, mimi na yeye. Jackson akauliza kwa adabu, "Kaka, unataka ya laptop au ya kompyuta ya mezani?"

Swali zuri kabisa! Lakini Injinia akaona anadharauliwa. "Kijana, unaongea na injinia. Picha ni nyingi. Nipe kubwa!"

Akapewa kubwa. Ilikuwa kubwa kweli, karibu urefu wa rula fupi ya darasani. Tulipofika nyumbani, nafasi ya memori ilikuwa nusu yake! Injinia akaigeuza, akailaza, akaisimamisha, akainamisha kichwa kama anayetafuta mlango wa nyuma. Bibi akapita na ndoo yake, akaguna. Mguno huo ulimuuma Injinia kuliko matusi.

Ijumaa tukarudi. Safari hii angalau alisema "laptop." Jackson akauliza tena, "Mashine yenyewe ni ya mwaka gani? Maana kuna za zamani na kuna hizi mpya, haziingiliani. Ungekuja na ile iliyokuwemo..."

"Nipe mpya! Nani anaongeza uzee juu ya uzee?"

Urefu ukawa sawasawa. Injinia akashangilia, akanikumbatia. Lakini kuingiza, haiingii. Pengo la meno lilikuwa limekaa pembeni kidogo, upana wa punje ya mchele.

"Hitilafu ya kiwandani," akasema Injinia.

Akachukua tupa. Ile ya kunolea panga! Nikamshika mkono, nikamwambia Valerian, acha, hii si jembe. Akanitazama kwa huruma, akasema wenye elimu ndogo huwa waoga. Akasugua. Vumbi la dhahabu likamwagika mezani. Akakisukumiza kile kipande mpaka kikaingia huku kikilia, akawasha.

Kimya. Kioo cheusi tii. Akawasha tena. Mashine ikalia "pii" mara moja, kwa uchungu, ikanyamaza.

Akaichomoa, jasho linamtoka. "Sawa," akasema, "turudishe ya zamani. Picha tatu si haba."

Ya zamani haipo! Tulitafuta chini ya meza, ndani ya majivu, kwenye maganda ya ndizi. Injinia akamkamata mpaka jogoo, akamtikisa kichwa chini. Bibi yuko kwenye kigoda chake, anasali rozari. Valerian akaketi chini sakafuni, na kwa mara ya kwanza tangu cheti kile nikaona macho yake yamelowa.

"Sirili, nimempoteza Tabitha," akasema. Nikamhurumia kweli.

Jumamosi asubuhi niko Kiboriloni, nimepanga viatu vyangu, namwona Bibi Mektrida amesimama mbele yangu na kitenge cha kanisani, khanga begani.

"Shikamoo Bibi! Kuna msiba?"

"Marahaba. Hakuna msiba bado. Funika viatu vyako, nipeleke kwa huyo anayeuza memori."

Mbele ya Jackson akafungua fundo la pembe ya khanga. Ndani, kimekaa kwenye kipande cha jani la mgomba, ni kile cha kijani! Nikamkumbuka yule jogoo maskini.

"Mwanangu," akasema Bibi, "nataka ndugu yake huyu. Awe na nguvu kumzidi, lakini baba mmoja, mama mmoja."

Jackson akatoa kasha la memori zilizotumika, akazilinganisha moja moja, pengo kwa pengo, mpaka moja ikakubali. "Zipo kubwa zaidi, Bibi, ila mashine ya umri huu inaweza isiisome yote."

"Mpe anachoweza kumeza."

"Bibi, umesomea wapi kazi hii? Maana wiki hii amekuja injinia hapa mara mbili, kila nikimuuliza swali ananijibu kwamba yeye ni injinia."

"Namjua," akasema Bibi. "Analala kwangu."

Tukamkuta Injinia kwa Mzee Melkior, amesimama uani, laptop kwapani na jani la isale mkononi. Kwetu mtu akikuletea isale kuomba radhi, huwezi kumkatalia. Mzee akalipokea.

"Nimekusamehe," akasema. "Mbege mtakunywa wenyewe."

"Hodi!" akaita Bibi. Akampa mjukuu wake vile vipande viwili, cha zamani na nduguye. "Weka."

Valerian akaweka. Cha kwanza, tak. Cha pili, tak! Akawasha. Mzee Melkior, kwa mazoea, akachukua mundu aende kukata majani. Hajafika mlangoni, mashine iko tayari, inamsubiri yeye.

Jumapili picha zote zilionekana, mia moja na kumi na mbili. Ya kwanza kabisa ilikuwa ya mwaka 1953: msichana mwembamba anayecheka, Bibi Mektrida mwenyewe, na kando yake marehemu babu yetu Kornel, ameshika kitabu cha nyimbo juu chini. Kanisa zima likacheka. Bibi akacheka mpaka machozi, kisha yakabaki machozi peke yake.

"Miaka kumi na minne sijamwona," akasema. Mimi nililia, sifichi.

Injinia akasimama akaanza, "Kama mlivyojionea wenyewe, utaalamu..." Bibi akakohoa. Akakaa.

Jumamosi iliyofuata tukapeleka mbege. Mzee Melkior akaonja, akatikisa kichwa kwamba ni njema, na kata ya pili akampa Bibi Mektrida kabla ya mwanaume yeyote. Mambo yakaenda vizuri mpaka ikatajwa pete. Injinia, mbege imeshapanda, akanyanyuka.

"Pete isiwasumbue! Kesho nashuka kwa sonara. Kidole cha Tabitha kiko hapa!" Akajigonga paji la uso.

 Bibi akafungua pembe ya khanga taratibu, akatoa kikamba cha gome la mgomba kilichofungwa duara. "Nilimpima jana akiosha vyombo," akasema.

Injinia akakipokea kwa mikono miwili, ameinamisha kichwa. Akawa anatoka, mpaka Tabitha akamwita kutoka jikoni, na kwa neno lake hilo, kwa mara ya kwanza maishani, nikamwona Mzee Melkior akicheka kwa sababu moja tu.

"Na pete isipoingia, Injinia, usije na tupa!"