Sehemu ya Pili ya Bibi wa Stesheni

Alhamisi, 11 Agosti 1994

Wageni wa tamasha la filamu fupi wamefika, wana mashine yao na filamu za nchi chungu nzima. Wataonyesha katika ukumbi wa parokia. Bure! Nani sasa atakuja kwenye kibanda changu cha video hapa Mfaranyaki? Mbaya zaidi, mtafsiri wao ni Mwalimu Athanasi, anayemtaka Natalia ninayemtaka mimi. Mama Natalia naye atakuwepo. Akikataa yeye, hakuna harusi.

Ijumaa, 12 Agosti

Mambo yamejipa. Filamu ya kwanza haikuwa ya Kiingereza. Athanasi akakiri mbele za watu kwamba lugha ile haijui. Mimi pia siijui, lakini haijawahi kunizuia. Nikachukua kipaza sauti. Bibi wa Kizungu kakaa stesheni, theluji inaanguka, treni zinapita. Basi. Nikasema anamngoja mwanawe aliyekwenda machimboni. Mama Natalia akaanza kufuta machozi. Mwanawe Pankrasi yuko machimbo ya Mererani, mwaka wa tatu huu hana habari zake. Nikanogesha.

Mara taa zikawashwa. Imekwisha, na hata kupigana hawajapigana. Watu wakaguna, wanamtaka mtoto. Athanasi akasema filamu fupi ndivyo zilivyo, inaishia hapo. Nikasema sehemu ya pili ninayo mimi, kesho mchana, kibandani. Mama Natalia akaniita mwanangu.

Jumamosi, 13 Agosti

Sehemu ya pili sina. Nina kanda ya karate. Nikatangaza kwamba steringi, mhusika mkuu, ndiye yule mtoto, anarudi kwa mama yake, majambazi wamemzuia njiani. Mzee Polikarp akauliza imekuwaje Mzungu akazaa Mchina. Nikasema kafanana na baba.

Kibanda kilijaa hadi dirishani. Mama Natalia kiti cha mbele, kavaa kanga mpya. Kanda hii naionyesha tangu Pasaka na mwisho wake sijawahi kuuona, umeme hukatika. Leo haukukatika. Steringi akachomwa kisu. Nikasema kapumzika kidogo. Wakamzika. Mama Natalia akaangua kilio, wanawake wakampokea, pakawa msiba kamili. Jirani aliyesikia vilio akaleta kuni.

Jumapili, 14 Agosti

Baada ya misa nikampa Mama Natalia shikamoo. Akanipa kisogo. Natalia akanieleza kwamba mama yake hajala tangu jana. Anasema nimemuua mtoto wa watu, na sasa kila akimfikiria Pankrasi analiona lile kaburi. Anamsifu Athanasi, kwa sababu Athanasi alimwacha yule mtoto njiani, mzima. Iliniuma, sitaficha. Iliniuma mpaka chai ya saa nne.

Jumatatu, 15 Agosti, Sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria

Mshenga wa Athanasi kaonekana akiingia kwa kina Natalia. Hapa hakuna kulala. Nimetangaza sokoni: leo jioni, sehemu ya tatu! Kijana hakufa, walimzika mtu mwingine, na leo anafika stesheni. Mama Natalia katuma mtu kuuliza kama ni kweli. Nimejibu kweli tupu. Kajitanda kanga ileile, yuko njiani.

Kanda nyingine ipo, steringi ni yuleyule, na kwenye jalada anacheka. Mwisho wake sijawahi kuuona, umeme hukatika.