Lori la Nassibu Lisilo na Dereva

Jumamosi, tarehe 13 Novemba 1976. Asubuhi hiyo mawingu yalikuwa yameshuka hadi juu ya mikorosho, manyunyu yakidondoka mojamoja kama sadaka ya bahili, na joto lilikuwa la kumfanya mtu atubu dhambi ambazo hajazitenda.

Nassibu Likwata alikuwa kwenye banda la chai pale Nangurukuru. Kitumbua kilikuwa mkononi mwake, lakini masikio yake yalikuwa meza ya pili. Huko Mzee Yahya, mwenyekiti wa kijiji kimoja cha ujamaa upande wa Kinjumbi, alikuwa akimlilia muuza chai. Magunia themanini ya korosho yamelala bohari, paa linavuja, na lori lililoahidiwa tangu mwezi uliopita halijaonekana. Mvua ikikaza, jasho la kijiji kizima litaota ukungu.

Nassibu alimeza kitumbua bila kutafuna. Mwenyezi Mungu humpa kila kiumbe riziki yake. Nassibu alikuwa na desturi ya kuikuta riziki ikiwa bado mikononi mwa kiumbe mwingine.

Ndani ya mfuko wake kulikuwa na boksi, na ndani ya boksi kulikuwa na lori dogo la manjano, refu kama mkono kutoka kiwiko hadi vidole. Lilikwenda kwa betri, likiongozwa kwa mbali bila waya, kwa mawimbi kama ya redio. Alilipata Lindi kwa mzungu mmoja wa mambo ya barabara aliyekuwa anarudi kwao. Alimpa kinyago alichoapa kuwa ni cha babu wa babu yake, ingawa rangi ilikuwa bado inashika vidole.

"Shikamoo, mwenyekiti," alisema, akivuta kigoda. "Lori mnalo. Ila hamjalichagua."

Kesho yake, kamati ya kijiji ilikusanyika mbele ya bohari. Nassibu aliliweka lori chini, akasukuma kishikio cha kisanduku alichoshika mkononi, nalo likaenda lenyewe, likapinda, likasimama mbele ya miguu ya Mzee Yahya. Wazee walirudi nyuma. Mmoja alianza kusoma Ayatul Kursiy, na hakuacha mpaka alipoifikisha mwisho.

Nassibu alieleza kwa unyenyekevu wa mtu aliyetumwa. Hii ni sampuli. Malori makubwa yake ni hivihivi, hayana dereva. Kwa hiyo hakuna dereva wa kulewa, wala wa kudai kuku kila kijiji. Mwenyekiti atakaa barazani kwake na kulituma Kilwa Masoko kama anavyotafuta stesheni ya redio. Kijiji kinachagua tu, kisha lori linaboreshwa kulingana na barabara yake. Kianzio ni magunia kumi ya korosho.

Hapo alisimama Bi Mboni, mjane, katibu wa kamati. Ukatibu alipewa kwa kuwa ndiye wa kwanza kufaulu darasa la jioni la watu wazima. Aliomba, kwa sauti ya chini kabisa, kama sampuli ingeweza kuonja mchanga wa njia yenyewe.

Ilionja. Ilikwenda hatua tatu, magurudumu yakazunguka mahali pamoja, ikajichimbia kaburi.

"Magurudumu membamba," alisema Bi Mboni, akiandika. "Yataboreshwa?"

Yataboreshwa, ila kianzio kitapanda. Nassibu alikata mpira wa katambuga zake mwenyewe, akayavisha magurudumu, akabaki pekupeku. Sasa lilipita mchangani lakini halikupanda kilima cha bohari. Ikaamuliwa kwamba betri ni chache. Zikachukuliwa za redio ya mwenyekiti, na kijiji kikakaa bila taarifa ya habari. Likapanda, likapinduka. Ikaamuliwa kwamba ni refu kwa kimo, basi akalivua bodi la manjano, akashusha mota chini kwa waya. Likapanda tupu, lakini likiwa na mzigo wa korosho saba likakaa kitako. Bi Mboni alitoa springi kutoka kwenye kalamu yake ya darasani, na Nassibu akaenda kuomba ya pili kwa mwalimu.

Kila jioni Bi Mboni alipata kasoro nyingine, na kila kasoro iliongeza magunia matano. Nassibu, ambaye maishani hakuwahi kutengeneza kitu kwa uaminifu, alijikuta anatoka jasho la halali, na halikumkaa vizuri. Siku ya saba lori lilipanda kilima na korosho ishirini bila kuyumba. Kianzio kilikuwa kimefika magunia arobaini.

"Tumelichagua," alisema Mzee Yahya. "Lete lori la kubeba kianzio."

Nassibu alikimbia Nangurukuru, akaweka baiskeli yake rehani kwa dereva aitwaye Severini, akarudi na lori la kweli. Magunia yalipakiwa. Alikuwa na mlanguzi wake kule Mtama, upande wa Lindi, anayenunua bila kuuliza. Ila korosho hazisafiri bila kibali cha kijiji, kwa sababu kwenye njia panda ya Nangurukuru kuna kizuizi cha mgambo. Hivyo alimwamuru katibu aandike Mtama, "kiwandani kwetu." Bi Mboni aliandika, akagonga mhuri. Nassibu aliikunja karatasi kwa heshima. Darasa la jioni aliliona ni la vikongwe. Yeye akili yake ilikuwa mdomoni.

Bi Mboni akapanda juu ya magunia na wanaume sita wenye majembe. Mali ya kijiji, alisema, haiendi bila msindikizaji.

Kwenye kizuizi Nassibu alitoa kibali mwenyewe, kifua mbele. Mgambo alisoma, akampigia saluti, akamwonyesha Severini njia ya kushoto.

"Mtama ni moja kwa moja," Nassibu alinong'ona.

"Karatasi inasema Kilwa Masoko," alisema Severini. "Mimi nabishana na mke wangu tu."

Kwenye bohari la ununuzi, karani Valentini alipokea magunia arobaini makavu, akauliza mbele ya umati ni nani aliyeyasafirisha. Bi Mboni alimshika Nassibu mkono.

"Ndugu huyu. Ametoa lori, kwa hiari yake."

Watu walipiga makofi. Nassibu alimwinamia sikioni.

"Mama, umejua lini?"

"Siku ya kwanza." Alifunua ncha ya khanga yake. Ilikuwa imefunika mfuniko wa boksi, ule aliomwomba Nassibu siku ile ya kwanza eti wa kufunikia mtungi. Juu yake, kwa rangi nzuri, mtoto wa kizungu wa miaka saba alikuwa akichezea lori la manjano. "Kusoma nimeanza juzi, mwanangu. Picha nasoma tangu zamani."

Karani alikuwa anauliza kama kuna mzigo uliobaki. Mgambo wawili walikuwa mlangoni. Bi Mboni alishika ncha ya khanga, akasubiri.

"Sema kwa sauti, mwanangu. Watu wote wasikie."

Nassibu alitazama mlango, akatazama khanga, akainua mkono wa kulia.

"Mimi Nassibu Likwata naahidi, mbele ya Mungu na nyote mlio hapa, Jumamosi ijayo nitaleta lori, niyabebe magunia arobaini yaliyobaki, bila malipo."

"Na dereva?" aliuliza Bi Mboni.

"Na dereva."