Uzinduzi wa Njia ya Magulio Kumi na Mawili

Market Ottering, Alhamisi, saa tano na nusu asubuhi

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri, ambaye hakuja lakini ametuma kofia yake. Mchungaji Ambrose Tilley wa parokia hii. Mama Mwenyekiti wa Kamati Ndogo ya Vyungu vya Maua. Kiongozi wa bendi ya matarumbeta, ambaye namwomba avumilie nimalize. Wadau wa kondoo, wadau wa jibini, na nyinyi wananchi wa kawaida mliofurika hapa licha ya mvua (watu kumi na mmoja wanafunga miavuli, kisha wanaifungua tena), mimi, Diwani Lionel Threadgold, Mkuu wa Utalii, Mandhari na Takataka, nimesimama juu ya ngazi za kihistoria za msalaba wa mawe ulio katikati ya soko letu.

("Umesimama mahali pangu, Lionel," anasema Bibi Hilda Wragg, akiwa na kikapu cha mayai.)

Nakushukuru kwa mchango wako, Bibi. Maswali yatakuja mwishoni. Njia ya Magulio, ndugu wananchi, ni gari la ghorofa mbili lisilo na paa, litakalowazungusha wageni katika miji yetu kumi na miwili, kuanzia hapa, kupitia Nether Pockley, hadi Long Marling, wakinywa chai, wakila keki za zabibu kavu na kupiga picha na bata wa mtoni. Upembuzi yakinifu, nilioufanya mwenyewe nikiwa bafuni, umebaini kuwa watakuja wageni laki nne kwa mwaka, yaani asilimia mia na sita ya wote watakaokuja. Tuliwahoji wadau saba. Nane wakaunga mkono. (Makofi, ya mkewe.)

("Saa sita kasoro dakika kumi," anasema Bibi Hilda. "Shuka, mwanangu, niuze.")

Naielewa hofu ya Bibi. Ni kweli hati ya kale ya mfalme iliyoanzisha gulio hili inataka kila Alhamisi kitu kiuzwe juu ya ngazi hizi kabla kengele ya kanisa haijapiga saa sita, na ikikosekana mara moja tu, gulio limekufa na uwanja ni wa Halmashauri. Ni kweli pia kwamba wauzaji wengine wote wameacha, amebaki yeye peke yake, miaka arobaini na mmoja, hata ile Alhamisi ya theluji alipomuuzia Mchungaji yai lililoganda. Lakini hatuwezi kusimamisha mchakato wa kuinua magulio kwa sababu ya gulio.

(Mwenye bucha anauliza gari liko wapi.)

Gari liko katika hatua za juu za kufikiriwa.

(Bibi Hilda anapanda ngazi moja moja na kutua kikapu juu ya meza ya hotuba. Mpiga picha wa gazeti anasogea. "Ukinunua moja," Bibi anamwambia Diwani taratibu, "utatoka ukurasa wa mbele. Mgeni wa kwanza wa Njia.")

Wazo hilo nilikuwa nalo tangu jana. Mpiga picha, shavu la kushoto, tafadhali. Ieleweke kwamba mimi, kwa sarafu yangu binafsi, nanunua yai hili kwa niaba ya wageni laki nne. (Analiinua yai. Kamera inalia. Kengele inapiga saa sita. Bibi Hilda anakaa chini na kufuta macho kwa ncha ya kitambaa.)

Magulio juu! Ottering juu zaidi! Namalizia kwa shukrani, kama nilivyoandikiwa na ofisi. (Anasoma.) Namshukuru mchora bango, kwa kuwa bango ndilo sehemu pekee ya mradi iliyokusudiwa kuwepo. Nawashukuru nyinyi kwa kunisikiliza mpaka kengele ikapiga bila chochote kuuzwa. Na sasa nawakaribisha mafundi rangi, waliojibanza nyuma ya kanisa, waje kuchora nafasi arobaini za kuegesha magari hapa lilipokuwa... (Anatazama yai.)

Mafundi, nendeni nyumbani. Bendi, pigeni chochote.

("Lete hizo karatasi, Lionel," anasema Bibi Hilda, "nikufungie yai lako.")