Bawabu wa Seva ya Mzee Halfani

Jumatatu, 14 Julai 2025

Baridi kali. Seva, kompyuta kuu inayoandikisha mizigo ya wateja wetu, imekwama tena, mawakala wa Mpui na Mwazye walipoingia mtandaoni kwa pamoja. Faruk, mpwa wa bosi wetu Mzee Halfani, kamwambia mjomba wake mbele yangu kuwa dude hilo ni la kutupa. Yeye ana mshikaji Mbeya mwenye mfumo mpya na vijana wake wa kuuendesha. Mzee akanitazama. Mkataba wangu wa majaribio unaisha Jumamosi. Niliajiriwa kulihudumia dude hilo tu. Likitupwa, natupwa nalo.

Nina mpango.

Jumanne, 15 Julai

Nimeweka kompyuta ndogo mbele ya seva. Wataalamu huiita proksi. Mimi naiita bawabu. Mawakala wote wanabisha kwake. Yeye anawapanga foleni na kupeleka shida zao ndani, moja moja. Seva haizidiwi. Siri yangu.

Maelekezo yalikuwa na mstari unaotaka bawabu amwambie mwenye nyumba, yaani seva, kila mgeni katoka wapi. Sikuona sababu. Mtu mwangalifu haachi asichokielewa. Nimeufuta.

Seva inakimbia kama imezaliwa jana! Faruk kauliza imekuwaje. Nimesema mashine hupenda baridi. Kaguna.

Jumatano, 16 Julai

Foleni hadi barabarani. Nikadhani biashara imechangamka.

Kumbe! Mzigo ukifika kwa wakala, seva humtumia mwenye mzigo ujumbe: njoo ofisi fulani, kwa karani fulani. Ofisi huitambua kwa anwani ya kompyuta ya wakala. Sasa inamwona bawabu peke yake, na bawabu yuko mezani kwangu. Ufipa nzima imeandikiwa: mzigo wako uko Sumbawanga mjini, kwa Nestory. Ndiye mimi.

Bwana Malimi, mfugaji, katoka Mpui kufuata dawa ya ng'ombe. Dawa iko Mpui, kwa wakala wetu Epifania, jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Nilipomweleza, akaniuliza taratibu kama nimesoma. Nikasema nimesoma. Akasema basi shule hiyo ifungwe. Foleni ikaangua kicheko. Mama Cornelia, aliyetoka Mwazye na wakwe zake kubeba godoro, hakucheka. Alisema neno la Kifipa. Nimelielewa. Sitaliandika.

Faruk mlangoni, kwa sauti: jamani, msalimieni meneja wa Rukwa nzima!

Nimemalizia siku stoo, nyuma ya magunia ya maharage.

Alhamisi, 17 Julai

Nimeitwa. Shikamoo ilinitoka mara mbili. Mzee Halfani kauliza kwa nini mizigo yote iko kwangu. Nikasema kosa ni la bawabu. Akauliza bawabu gani, na nani kamwajiri bila yeye kujua. Ikabidi nieleze. Alisikiliza amefumba macho. Akasema foleni iishe kesho, la sivyo mshikaji wa Faruk apande basi.

Nimeurudisha mstari, nikaiamuru seva iusome. Epifania kapiga simu: ujumbe sasa unasema Mpui. Akaongeza kuwa Malimi bado hajapoa, nisikanyage huko.

Jumamosi, 19 Julai

Foleni hakuna. Seva inakimbia. Faruk kanuna, mshikaji hatakiwi tena. Nimepewa mkataba wa mwaka! Mzee kaongeza sharti kwa mkono wake: Nestory asiiguse seva tena. Nimesaini kabla hajabadili nia.

Nyumbani Kizwite nimelisoma sharti upya, polepole. Linasema seva. Bawabu hatajwi popote.

Na nimesoma kuwa bawabu anaweza kufundishwa kukumbuka majibu, asimsumbue mwenye nyumba kila saa. Mtu akiuliza kama mzigo wake umefika, atajibiwa vilevile alivyojibiwa jana. Seva itapumzika kabisa. Kesho ofisini hakuna mtu, na funguo ninazo.