Ombi la Kuandikishwa Kuwa Kiboko

Bondeni, Utete,
Rufiji.
6 Mei 1993

Ndugu Meneja wa Kambi ya Watalii (au Bwana Meneja, maana siku hizi sijui nani bado anapenda kuitwa ndugu),

Salaam nyingi. Kwanza nakueleza jambo ambalo sijamwambia mtu mwingine, hata bibi yangu: ninamwonea wivu kiboko. Si viboko wote, ni yule jike mwenye sikio lililochanika anayekula mpunga wetu. Mimi nimemaliza darasa la saba, na kazi yangu ni kukaa juu ya dungu, kibanda chetu cha miti mirefu, nikipiga debe ili wanyama waondoke shambani. Sasa nalalamika kama ifuatavyo.

1. Dungu letu lilijengwa kwa watu wawili. Tangu kiboko huyo ahame bwawa la hifadhi na kuhamia kwetu, wageni wako wanamfuata kwa magari. Juzi jioni walipanda wengi mpaka nguzo zikalia, nami nikateremshwa ili nisiharibu picha. Nilikaa chini, upande wa kiboko.

2. Nilipotaka kupiga debe, Kaka Mudrick anayewaongoza wageni wako aliniambia, "We binti, hebu tulia! Mwenzio anakula." Wageni wakapiga makofi. Mwenzangu akamaliza jaruba zima, kipande kizima cha mpunga chenye tuta lake.

3. Wageni walipoulizia choo, mliwajengea cha matofali pembeni mwa shamba letu, chenye maji na kufuli. Ufunguo anao Kaka Mudrick. Sisi tukienda kichakani tunaambiwa tunaharibu mandhari. Kiboko anajisaidia popote, na hapo ndipo anapopigwa picha nyingi zaidi.

4. Bibi yangu, Bi Mwamvua, alikimbizwa na kiboko huyo akaanguka, akavunjika mguu. Tulimbeba na kitanda chake mpaka kwenye mtumbwi. Kiboko naye alichomwa na kijiti mguuni, daktari wake akaja kwa ndege. Bibi aliulizwa kwa nini alipita njia ya kiboko. Njia yenyewe inatoka jikoni kwetu kwenda mtoni.

5. Hili linaumiza nyumba nzima. Baba ameamua kwamba mpunga ukishavunwa nitaolewa na Mzee Bwanaheri, mwenye mashine ya kukoboa kule Kibiti. Kwetu harusi haifanywi kabla ya mavuno, maana watu watakula nini? Kila jaruba likiliwa, harusi inasogezwa mbele. Na kwa umri wa Mzee Bwanaheri, kusubiri si jambo la mchezo.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima, mmwondoe kiboko huyu upesi. Ikishindikana, basi mtuandikishe na sisi kuwa viboko. Sifa tunazo: tunaishi mtoni, tunakula mpunga, na wageni wamekwisha kutuzoea. Tukiandikishwa, bibi atapata daktari wa ndege, nasi tutapita popote bila kuulizwa. Tena nilimsikia Kaka Mudrick akiwaeleza wageni kwamba kiboko jike hachaguliwi dume na baba yake. Siku hizi kila kitu ruksa, sidhani kama hili litakuwa gumu.

Nisalimie wapishi, madereva na wageni wote waliokalia mkeka wangu kule dunguni. Kaka Mudrick msalimie pia, lakini kidogo.

Mimi mlinzi wa mpunga uliobaki,
Muzdalifa Shaabani

N.B. Nimeshasaini, nikafikiri tena. Ombi la kumwondoa kiboko lifute. Abaki. Majaruba yaliyobaki ni machache, na debe nimelifunga khanga mbili ili lisimshtue. Wageni waje wengi, wapige makofi, hata dungu wakilivunja. Njaa tutaivumilia wote nyumbani; Mzee Bwanaheri ningemvumilia peke yangu. Tafadhali baba asijue. Siri hii iwe yetu watatu: wewe, mimi na kiboko.