Kuhusu W Iliyokosekana Kwenye Noti Zako

Mheshimiwa Mweka Hazina wa Kisiwa,

Natumaini hujambo, na kwamba mkono umepoa baada ya kutia sahihi noti zote zile. Mimi ni dobi wa nyuma ya soko, yule anayekupigia pasi suruali. Naelewa kwamba tangu vita vianze meli haiji, sarafu zimekwisha, ikabidi mchape noti za karatasi hapa hapa kisiwani. Sina neno. Lakini:

1. Noti zimeandikwa, "Mwenye noti hii atalipa shilingi tano." Atalipa, Mheshimiwa! Najua mlikusudia "atalipwa". Nasikia mpiga chapa alikuwa na w moja tu, akaimalizia kwenye "mwenye". Lakini mwenye duka anajua kusoma, naye kagoma kuzipokea. Anasema kila noti ni deni, na madeni yake yanamtosha.

2. Kwa hiyo wateja wananiachia noti mifukoni mwa nguo chafu, makusudi kabisa. Zamani nikikuta sarafu, mwenyewe alikuja mbio kuidai. Sasa nikiwarudishia noti, wanaikana mpaka suruali.

3. Wino wake unachuja. Shuka la mkunga limetoka na sahihi yako katikati, inasomeka vizuri. Kakataa kunilipa, na jana kaenda nalo sokoni kuulizia litanunua nini.

4. Hili ndilo linaloniuma. Mke wangu alizikuta noti chini ya godoro, akazisoma, akafunga virago akaenda kwa dada yake. Kasema hakuolewa na mdaiwa wa serikali. Nyumba imepoa, chai nakunywa peke yangu, na nalia nikipiga pasi, ingawa nakiri nguo zinanyooka vizuri zikiwa na unyevu.

Basi naomba, kwa heshima zote, noti zote zikusanywe zichomwe moto uwanjani, mke wangu akishuhudia.

Nisalimie mama watoto, karani wako, na hata mpiga chapa, ingawa hastahili.

Wako mtiifu, anayedaiwa bila kukopa,
Dobi wa Nyuma ya Soko

Nyongeza: Usichome hata moja! Mke wangu amerudi sasa hivi na kapu limejaa noti za mtaa mzima. Watu wamempa bure, na sukari juu, ili awaondolee deni. Anasema w hiyo lazima utairudisha tu. Tafadhali irudishe, Mheshimiwa, ila usifanye haraka. Mtaa wa pili bado hajaupitia.