Nguzo ya Taifa na Mabati ya Dada

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Leo nimegundua kwamba nchi hii inanitegemea. Sikujua! Miaka hamsini na mbili nimeibeba na hakuna aliyeniambia hata pole.

Ilikuwa kwa kinyozi. Povu shavuni, redio juu ya kabati. Mtaalamu wa uchumi anasema fedha wanazotuma ndugu zetu wanaofanya kazi ng'ambo zinazidi tunachopata kwa mazao yote tunayouza nje. Zikikatika, sarafu yetu inayumba, mafuta yanapanda, dawa hazinunuliki. Nikamshika kinyozi mkono, nusura aondoke na sikio langu. Nikamwuliza hizo fedha zinatumwa kwa nani. Akasema kwa watu. Nikamwambia mtu mwenyewe ndiye huyu uliyempaka povu! Nikaomba punguzo la heshima. Akanijibu kwamba nguzo za taifa hulipa bei kamili.

Maana asubuhi hii hii nimepokea. Mpwa wangu, mtoto wa Dada, yuko ng'ambo mwaka wa nne sasa, anamtunza mzee mmoja asiyeweza hata kujigeuza kitandani. Fedha hupitia simu yangu kwa sababu Dada hana simu, na kwa sababu mimi ndiye msomi wa ukoo. Shule niliiacha darasa la sita, walimu walipoishiwa na la kunifundisha. Fedha za safari hii ni za mabati kumi na manane. Nyumba ya Dada imesimama kuta, kenchi zimepigwa, kichwa kiko wazi. Mwenye chumba anachopanga kampa mpaka mwisho wa mwezi ahame. Mvua nazo zimeanza kunukia.

Dada kasema, mdogo wangu, kanunue leo leo. Nimemwambia aondoe wasiwasi. Nitafakari kwanza mambo ya taifa.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimemaliza kutafakari. Tunahitaji chama! Chama cha Wapokeaji wa Fedha za Ng'ambo. Wakulima wana chama, madereva wana chama, sisi tunaoshikilia sarafu tumekaa kama mayatima. Mwenyekiti: mimi. Ada ya uanachama itaingia, mabati yatanunuliwa na chenji ibaki. Ni hesabu ya mtoto mdogo.

Nimekwenda kumdokeza Miwani, jirani yangu, mwalimu mstaafu. Mwanawe anaendesha malori huko huko ng'ambo. Anavaa miwani hata akilala, nadhani aone ndoto vizuri. Akanisikiliza, akasema: jirani, wanaotoka jasho ni watoto, sisi tunatoka mate tu. Wivu! Nimeuona kupitia vioo vyote viwili.

Nimelipia ukumbi, viti mia, vipaza sauti viwili na muhuri. Kwa fedha za mabati, ndiyo, lakini siyo kwamba nimezitumia. Nimezitanguliza.

Dada kauliza mabati yako wapi. Nikamwambia yako njiani. Sikusema uwongo. Kila kitu duniani kiko njiani.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Asubuhi nimekwenda benki kuu kumwalika mkuu wao awe mgeni rasmi. Mlinzi wa getini kaniuliza nina miadi. Nikamwambia mimi ndiye ninayemlipa mshahara, kwa njia ya mzunguko. Akaniomba nizunguke basi, nitokee upande wa barabarani. Tumeongea kwa kina dakika mbili nzima. Nyumbani nimesema nimefanya mazungumzo na uongozi wa benki.

Mchana nimechukua muhuri. Niliagiza tai aliyekunjua mbawa. Ametoka kuku. Mchongaji anasema hana kielelezo cha tai, na kwamba yule kuku ni mkali sana. Nimemjaribu kwenye karatasi. Kweli ana jicho.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Mkutano mkuu. Viti mia, watu kumi na mmoja. Watatu walifuata kivuli, mmoja alidhani ni msiba.

Nimehutubia saa nzima. Nimewaeleza jinsi nilivyowahi kuongoza ghala la tani elfu kumi (nilikuwa nafungua geti, lakini bila geti ghala ni nini?). Nimewaambia tukisusa kupokea wiki moja, nchi itapiga magoti. Mama mmoja kauliza, na watoto wetu watakula nini wiki hiyo? Nikasema maswali yatakuja mwisho.

Mwisho ukaja. Miwani kasimama, kasafisha miwani, kauliza kwa upole: mwenyekiti mtarajiwa, za mpwa wako za mwezi huu zilikuwa za nini? Nikajibu kwamba hiyo ni siri ya kiuchumi.

Kura zikapigwa. Miwani mwenyekiti, kura tisa! Hata hakugombea! Mimi nimechaguliwa Mtunza Muhuri. Ada hakuna aliyelipa, eti mpaka katiba iandikwe.

Natoka nje, simu inalia. Ujumbe wa mpwa wangu: Mjomba, Jumamosi nina mapumziko ya saa mbili, nitapiga kwa video nione paa la Mama, nina hamu sana.

Nimekaa kwenye kimoja cha vile viti. Nimelipia, kwa nini nisikae?

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Mwenye ukumbi anasema fedha ikishaingia kwake haijui njia ya kutokea. Nimemtajia sarafu ya taifa. Kanionyesha mlango.

Lakini kichwa hiki hakikuumbwa kubeba nywele tu. Nimekwenda kwa muuza mabati, nikamwomba aniazime manne kwa siku moja. Kakubali kwa masharti: baiskeli yangu ibaki dukani, nisipige msumari hata mmoja. Ukitoboa umenunua, ukikunja umenunua. Nikamwambia sitoboi, sikunji, nataka tu yapigwe picha.

Manne yanatosha chumba kimoja. Nitayaweka juu ya kenchi, nitayakandamiza kwa mawe, nitasimama chini yake na simu. Ninaambiwa hata sinema hufanyika hivyo hivyo.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Ninaandika haya nikiwa na plasta kidoleni.

Dada nilimwambia kazi imeanza kwa awamu. Akaja amevaa nguo yake nzuri ili mwanawe amwone chini ya paa lake. Akayatazama yale mawe juu, akauliza ni ya nini. Nikasema ni teknolojia.

Simu ikaita. Mpwa wangu yuko kwenye kituo cha basi, kajifunika shali mpaka puani. Nikamwonyesha bati la kwanza, la pili, la tatu, la nne, kisha la kwanza tena kutoka upande mwingine. Akafurahi mpaka akapiga makofi. Ningeishia hapo! Akasema, Mjomba, sasa nionyeshe sebule. Nikatikisa simu na kulalamikia mtandao. Akasema mimi nakuona vizuri kabisa, Mjomba, hata jasho lako naliona.

Nikaingia sebuleni nikiwa nimeelekeza simu sakafuni. Akaniambia niinue. Nikainua kidogo. Akauliza mbona sebuleni kuna wingu. Nikamwambia ni dari ya kisasa. Akasema linatembea. Nikasema ndiyo usasa wenyewe.

Ndipo upepo ukaja. Mawe yakaanguka, moja kwenye kidole changu. Mabati mawili yakapaa! Nilimwona tai niliyemwagiza, kwa macho yangu. Moja likatua kwenye mboga za Miwani, lingine likajikunja kwenye nguzo ya umeme kama barua.

Dada akaichukua simu mkononi mwangu, taratibu. Akamweleza mwanawe kila kitu, bila kupaza sauti. Nilitamani angepaza.

Mpwa wangu aliliacha basi lake likapita. Halafu akasema, Mjomba, bati moja ni siku mbili za kumgeuza mzee wa watu. Nimeshamgeuza mara nyingi sana kwa ajili ya lile paa. Akaongeza kwamba fedha za tiketi yake zipo, alitaka kuja Desemba. Sasa zitanunua mabati. Yeye atakuja mwaka mwingine.

Dada alikuwa amehesabu miezi iliyobaki kwenye ukuta, kwa mkaa. Mistari kumi. Nilimwona akiifuta kwa kiganja.

Nikaenda kunawa uso. Vumbi, bila shaka. Nyumba isiyo na paa ina vumbi jingi.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Dada ana simu! Ndogo, ya vitufe. Binti wa kibandani, wakala wa pesa za simu, kamsajilia laini na kumfundisha namba ya siri. Nilijitolea kuitunza namba hiyo, isije ikapotea. Dada akacheka, mara ya kwanza tangu Jumamosi. Wakala naye akacheka. Wateja watatu wakacheka bila hata kuelezwa.

Kuanzia leo fedha zinakwenda kwake. Nimeishi kuona nchi ikihamishwa kutoka bega moja kwenda jingine.

Baiskeli imebaki kwa muuza mabati. Naiona dirishani nikipita kwa miguu.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Paa limepigwa! Mabati kumi na manane, misumari halali. Dada alikubali nimbebee fundi mabati na kumpandishia misumari, kwa ujira wa kibarua. Fundi alinikataza kuzungumza nikiwa kwenye ngazi. Mvua ilianza saa kumi jioni. Dada alisimama katikati ya sebule yake akisikiliza, kisha akampigia mwanawe na kuinua simu juu, naye asikilize. Mimi nilijibanza mlangoni. Zilikuwa kelele nzuri.

Halafu simu yangu ikalia mfukoni. Ujumbe: umepokea! Ujira wangu wa siku mbili, kutoka kwa Dada.

Nimeusoma mara nne. Fedha hii imetoka wapi? Kwa Dada. Na kwa Dada imetoka wapi? Ng'ambo! Kwa hiyo mimi bado ni mpokeaji, ila nimesogea mkono mmoja tu. Na wenzangu tuko wangapi? Mafundi, vibarua, wauza mabati, vinyozi! Tuko wengi kuliko wao! Na hatuna chama!

Muhuri ninao. Nimeshapita kwa mwenye ukumbi na kutanguliza ujira wote. Mimi si mtu wa kurudia kosa: safari hii nimekodi viti ishirini tu.